Mbegu Aliyoiba Bi Chausiku

Siku tuliyomzika Bi Chausiku kule Ipuli nilikaa jamvini na wanawake wenzangu mpaka miguu ikafa ganzi, nikaomba ninyanyuliwe niende uani kunawa. Mjukuu wangu Hawa akanishika mkono. Nyuma ya jiko, pale maji ya bafuni yanapotokea, palikuwa na tuta la viazi vitamu, si kubwa, urefu wa mkeka labda, majani yake yametobolewatobolewa kama mtu kapita na msumari. Nikainama. Hawa akadhani naanguka, akapiga kelele. Kumbe natafuta, na nikampata, yuko chini ya jani ametulia: mdudu asiyezidi punje ya mahindi, mviringo, mgongo dhahabu tupu, ukingo wake unaonyesha kama kioo. "Kipini," nikasema. Hawa akauliza, "Kipini gani, Bibi? Umedondosha kipini?" Nikamwambia ndiyo, nilikidondosha zamani, mama yako hajazaliwa, na leo nimekiona.

Ya kwetu Gongoni, Tabora mjini, nayaacha, na ya harusi nayaacha. Harusi zote hupikwa pilau watu wakagombana. Naanzia siku lori lilipokuja. Nilikuwa mkamwana mgeni, hina haijatoka kwenye kucha, nyumbani kwa Bi Nyamizi, mama wa mume wangu Rajabu, upande wa njia ya Ipole, katikati ya miyombo. Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini. Tuliambiwa kila kaya iliyo peke yake porini itoke, watu wakae pamoja, wapate shule na zahanati na kisima. Rajabu alikuwa kijana, alifurahi, anapakia huku anaimba. Mama yake hakuimba. Vyungu vikapanda, kinu kikapanda, mbuzi wakafungwa, Kidawa na Sululu na yule beberu tuliyemwita Waziri, na Bi Nyamizi bado kasimama chini na tita la marando kichwani, limefungwa kwa magome ya mti na kufunikwa gunia bichi.

"Mama, panda twende," dereva akamwambia. "Hayo majani yatupe, mbegu mtapewa huko."

"Nitapewa na nani?"

"Na serikali."

"Serikali ilimjua mama yangu?"

Dereva akacheka, akalipokea tita, akaliweka mbele karibu na usukani kama abiria aliyelipa. Hapo ndipo Bi Nyamizi akapanda.

Marando ni yale mashina ya viazi yanayotambaa; ndiyo mbegu yenyewe. Kwetu hayauzwi. Unaomba kwa jirani, unakatiwa, na mwaka yakimfia yeye atakuja kwako. Taabu ni kiangazi. Tangu mvua ikatike mpaka inyeshe tena jua linachoma kila kitu, na asiyeyatunza marando mahali penye unyevu hana cha kupanda. Na sisi tulihamishwa kiangazi. Kaya nyingi zilifika mikono mitupu. Tena marando ya Bi Nyamizi yalikuwa ya aina ambayo sikuiona mjini, kiazi chake ganda jeupe, ndani manjano, na watu wa kwao wakikiita Kiini cha Yai. Alisimulia kwamba wapagazi waliokuwa wakipita njia ya zamani kwenda Ujiji walilala kwao, bibi yake akawapikia, asubuhi wakakosa cha kumshukuru, wakamwachia fungu la marando waliyoyachukua kwenye mzigo. Bibi akampa binti yake, binti akampa Bi Nyamizi. Wengine waliokuwa nayo walikufa, au yaliwafia. Yakifa yale ya kwetu, Kiini cha Yai kimekwisha duniani. Ndivyo alivyoamini, na mimi sijapata wa kunibishia.

Nyumba mpya ilikuwa ya miti na udongo, vyumba viwili, na ukuta wa kati haukufika juu, kwa hiyo siri hapakuwa. Nilimsikia mavyaa akigeuka kitandani, na yeye bila shaka alisikia mengi kuliko mimi. Udongo ulikuwa haujakauka, ukilala unanusa mvua ambayo haipo. Mchana tulikula ugali wa mtama na mlenda, jioni michembe, yaani viazi vya mwaka uliopita vilivyokatwa vipande vikaanikwa mpaka vikawa vikavu kau, vikachemshwa na karanga za kutwanga. Leo daktari akiniuliza ninatamani kula nini nitamtajia michembe. Lakini siku ile, mtoto wa Gongoni niliyezoea mkate na chai, niliviona vipande vya ngozi. Nilitafuna huku machozi yananitoka. Tulipokwenda kulala nikamsikia upande wa pili wa ukuta: "Rajabu, mke wako ana meno mazuri sana. Basi tu hayajawahi kupewa kazi."

Na mimi mwenyewe nikapewa kazi. Bi Nyamizi aliyapanda marando mbugani, bondeni penye unyevu, chini kidogo ya kisima, akayazungushia miiba, akaniambia, "Mkamwana, hii ndiyo mali ya nyumba. Mwanamke wa kwetu tunamjua kwa kuvusha mbegu. Uivushe mpaka mvua." Nikawa nachota maji kwa kata asubuhi na jioni. Juu ya ile miiba palikuwa na mmea wa porini unaopanda, maua yake ya zambarau, yamefunguka kama mdomo wa gramafoni, jua likiwa kali yanajifunga. Nilitaka kuung'oa, akanikataza. Alisema mbuzi asichokiona hakitamani, na binadamu naye vivyo hivyo. Acha maua yafunike ua, yafiche mbegu. Kweli, Waziri alipita pale kila siku na ndevu zake, hakugundua kitu.

Waliogundua walikuwa vipini. Jina hilo nilitoka nalo Gongoni, maana watoto wa kike tulikuwa tukiwabandika puani tukajiona tumevaa dhahabu kama mabibi wa Kiarabu wa maduka makubwa. Nilipowaona kwenye marando nilifurahi kama nimeona ndugu. Nikawaweka kadhaa ndani ya kiberiti nimwonyeshe Rajabu akitoka shamba la kijiji. Alipofungua, hapakuwa na dhahabu, ni makapi ya rangi ya udongo, wamekufa na rangi yao imekwenda. Bi Nyamizi akacheka mpaka akashika ubavu. "Umeoa vito, mwanangu! Vitunze!" Kisha akanichukua mbugani kunifundisha. Alisema kila dudu na chungu chake. Yule mwekundu wa maboga, mwekee jani la kunde, atakaa na njaa afe. Anayetafuna maua ya bamia hamjui mtama. Anayetoboa maharage si anayetoboa mahindi, hata ukiwafungia ghala moja. Na hawa vipini wako hawali ila kiazi na jamaa za kiazi. "Lile ua la kwenye miiba ni jamaa ya kiazi," akasema. "Tazama jani, tazama shingo ya ua. Basi usiwaue, ni kazi bure na ni wazuri. Wachukue uwahamishie kwa jamaa zao."

Ndivyo tunavyofanya na mgeni aliyekuzidia, unampeleka kwa shangazi. Kila asubuhi nikawa nawaokota kwenye viazi nawapandisha kwenye lile ua la miibani, na Bi Nyamizi amesimama na fimbo anaiga sauti za viongozi: "Haya, kaya iliyo peke yake itoke! Mtapata shule! Mtapata zahanati!" Asubuhi ya pili wamerudi wote. "Hawa hawajaelewa siasa," anasema, tunaanza upya. Nikikumbuka mwaka ule, kitu cha kwanza kinachonijia ni sauti yake ile, mwanamke ambaye siku ya lori hakutaka kucheka, anahamisha wadudu.

Hapo ndipo anapoingia Bi Chausiku, na yeye aliingia sauti kabla ya mwili. Alikuwa Mzaramo. Mumewe, Fundi Kibwana, alikuwa seremala, aliletwa kijijini kutengeneza madawati ya shule. Babu yake Bi Chausiku alitoka pwani na misafara, akafika Tabora, akachoka kurudi. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu njia ile. Kila asubuhi akija kisimani tulimsikia tangu kwenye mti wa mnyaa ulioko njiani.

"Hodi, wabeba mizigo!"

"Karibu, wala nazi! Umekuja kwa miguu au umeletwa na ngoma?"

"Nimekuja kumtazama mpagazi wangu. Babu yako alimwangushia babu yangu mzigo kule Ugogo, akakimbia."

"Asikimbie vipi, na babu yako alikuwa kalala ndani ya mzigo!"

Wakishamaliza kutukanana wanakaa kwenye kivuli cha kisima wanashika mikono kama mtu na dada yake. Mimi nilikuwa napita kwa adabu, napiga goti, shikamoo. Bi Chausiku ananitazama juu mpaka chini. "Marahaba. Nyamizi, huyu ni Mnyamwezi wa dukani, ukimkwaruza atatoka rangi. Sifanyi naye utani mpaka nimwone na mzigo kichwani." Mimi nilikuwa nabeba ndoo mkononi, kichwani inanimwagikia.

Siku moja niko peke yangu kwenye marando, Bi Chausiku akaja na kapu, akapenya pale miiba ilipolegea, akaanza kukata vikonyo, vile vichwa laini vya marando, kak, kak, kak, anajaza kapu. Nikapiga kelele, "Mama Chausiku, hiyo mbegu!"

"Mbegu gani? Haya ni matembele, mwanangu. Tangu nije huku nimekula mlenda mpaka nateleza mwenyewe. Leo napika mboga ya kwetu." Kisha akageukia kisimani, akapaza sauti kijiji kizima kisikie: "Nyamizi! Nakuibia! Njoo uone mwizi!"

Mtani akikuibia hadharani huna kesi. Unacheka, unamtukana, na kama kitu unakitaka unakikomboa kwa jogoo au kwa fedheha atakayoichagua yeye. Bi Nyamizi alikuja mbio na kanga imefunguka, akaona kapu. Sote tulingoja tusi. Hakutukana. Alisema polepole, "Hayo hayachezewi," akageuka akaenda zake. Nilimwona Bi Chausiku amebaki na kapu mkononi, kicheko kimemkauka mdomoni, hajui alirudishe au aondoke nalo. Akaondoka nalo.

Kijijini ni aibu kununa kwenye utani, ni kama kumfungia mlango ndugu. Ukuta wetu ukawa na kazi. "Mama, mtani hanuniwi," Rajabu anasema. "Anakula mbegu ya mama yangu kwa ugali!" "Si vikonyo tu, vitaota." "Wewe ungekatwa vidole, ningesema vitaota?" Hodi ikakatika. Bi Chausiku akawa anazunguka na ndoo yake kwenye njia ya mbali, na Bi Nyamizi anajidai hamwoni, lakini nilikuwa namwona akinyamaza kila asubuhi saa ile ile, sikio limeelekea mnyaani.

Mawingu yalipoanza kukusanyika, wanawake wakawa wanapita kuulizia, maana Bi Nyamizi alishawaahidi kila mmoja fungu lake. Na ndipo marando yalipoanza kugeuka manjano. Nilidhani ni maji, nikaongeza maji. Yakazidi. Pale shina linapoingia ardhini palivimba pakapasuka, ukivuta linakuja lenyewe. Bi Nyamizi akalipasua shina kwa kisu, ndani ni vumbi jeusi na funza weupe, na akatoka mdudu mweusi, mwembamba kama sisimizi, ana pua. Fukusi. Bi Nyamizi alienda kwenye miiba, akalishika lile ua la zambarau kwa mikono miwili, akaling'oa na mzizi wake, akaupasua nao. Walikuwamo wamejaa, wazee na watoto. Sisi tulikuwa tumewafungulia nyumba nzima pale kwenye miiba, tumeimwagia maji, na kutoka pale ni hatua tu kuingia kwenye viazi. Vipini wangu walikuwa wanatoboa majani kama watoto wanaodokoa nyama jikoni; aliyekuwa anakula nyumba hatukuwahi kumwona. Bi Nyamizi akakaa chini kwenye matope. "Mkamwana," akasema, "tuliwapeleka kwa shangazi, kumbe shangazi ndiye anayefuga wezi."

Tulitafuta shina zima hata moja, hatukupata. Jioni ile hakula. Nilimsikia nyuma ya ukuta, si analia, anaongea peke yake kwa Kinyamwezi, taratibu, kama mtu anayemweleza mkubwa wake jambo. Mimi Kinyamwezi changu kilikuwa kidogo, lakini neno la mama nalijua, alilitaja na kulitaja. Sikuwa na wasiwasi tena kwamba nitaambiwa sijavusha mbegu. Nilitamani aniambie, anigombeze, angalau atoe sauti yake ile.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Kesho yake tuko jikoni tumeinamia uji, tukasikia kutoka mnyaani:

"Hodi, wabeba mizigo!"

Bi Nyamizi akaweka bakuli chini. Mimi nikamtazama, Rajabu akamtazama. Akajikohoza, akasema, na sauti ikatoka nyembamba: "Karibu... wala nazi."

Bi Chausiku alikuwa amesimama uani na kifuniko cha sufuria mkono mmoja, mwiko mkono wa pili. "Nyamizi, nimekuja kukushitaki. Matembele yako yana jeuri. Nimekula majani, mashina nikayatupa nyuma ya karakana ya Kibwana, pale ninapomwaga maji ya vyombo. Sasa yametambaa mpaka mlangoni, mume wangu anajikwaa nayo na mbao begani, ananitukana mimi. Njoo uyatoe."

"Yale... yale yameota?"

"Nimekwambia yana jeuri."

"Chausiku! Na hukuniambia siku zote hizi!"

"Ningekwambiaje, na wewe umeninunia kama bi harusi?"

Bi Nyamizi alitaka kukimbia kwenda karakana, Bi Chausiku akamzuia kwa mwiko kifuani. Polepole, mali ya wizi hukombolewa. Anataka jogoo mmoja na mpagazi mmoja, na mpagazi awe Nyamizi mwenyewe. Basi mama wa watu, mtu mzima na heshima zake, alitwishwa tita la marando kichwani mpaka macho yakafunikwa, na Bi Chausiku akatangulia mbele anapiga kifuniko cha sufuria kama kiongozi wa msafara, anageuka kila baada ya hatua chache: "Mnyamwezi, beba mzigo! Ujiji mbali! Usiniangushie kama babu yako!" Kutoka karakana, wakapita shuleni, wakapita ofisi ya kijiji, watoto nyuma, Fundi Kibwana nyuma yao na jogoo wetu kwapani, na Bi Nyamizi anajibu matusi kutoka ndani ya majani, hatumwoni uso, tunaona mabega tu yanavyotikisika kwa kicheko. Alipofika kwetu akatua tita, uso umelowa. Alisema ni umande.

Baadaye sana bwana shamba alitueleza kwamba fukusi hutaga chini, kwenye shina kuukuu karibu na udongo, na vikonyo vya juu aghalabu huwa safi. Bi Chausiku hakuyajua hayo wala hakutaka kuyajua; alitaka mboga. Na nyuma ya karakana hapakuwa na ua la zambarau. Tulipanda matuta ya nyumbani kwanza, kisha waliopewa mafungu nawakumbuka wote: Mwashi, Kabula, Siwema, Mama Dotto, Bi Tausi wa kisimani, na Nyanzala aliyekuwa na ujauzito akapewa mawili. Lile ua la zambarau Bi Nyamizi alilifuatia mbuga nzima kwa jembe, lakini alikuwa analisikitikia. Alisema halikuwa na kosa, lilikuwa linapokea ndugu.

Watu hupenda kuniuliza kama mwaka ule ulikuwa mwaka wa taabu. Ulikuwa. Sukari haikupatikana, shamba la kijiji lilistawisha magugu zaidi ya tumbaku, na wapo waliolia kwa makaburi waliyoyaacha porini. Lakini mimi nilitoka kwetu sijui kubeba wala kutafuna, na nikapata mama wawili, mmoja wa kunifundisha na mmoja wa kunicheka. Bi Nyamizi alikufa mikononi mwangu. Rajabu naye akatangulia, watoto wakanirudisha mjini, Gongoni, uani pana saruji mpaka ukutani, na Kiini cha Yai kikanifia kwenye debe, kiangazi kimoja nilipolazwa hospitali. Sikumwambia mtu. Bi Chausiku alipohamia Ipuli kwa bintiye Mwanaidi tulikuwa tunatembeleana, tunakaa chumbani tunatukanana, na kule nyuma ya jiko mimi sikuwahi kufika, maana mgeni hukaa mbele.

Kwa hiyo siku ile ya msiba niliinama pale kwenye maji ya bafuni, nikachimbua kidogo kwa kidole, nikapata kiazi kichanga, ganda jeupe. Nikakikwaruza kwa ukucha. Manjano.

"Bibi, tuombe kwanza," Hawa ananinong'oneza. "Ni nyumba ya msiba."

"Kwa mtani hakuombwi." Nikaanza kukata vikonyo, kak, kak, kak, nikavifunga kwenye mtandio wangu mweusi, na kipini wangu ndani yake sikumtoa. Kisha nikapaza sauti kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo: "Mwanaidi! Nawaibia! Njooni muone mwizi!"

Jamvini vichwa vikageuka. Nikaogopa kidogo, siku hizi watu wa mjini hawajui utani, wanaweza kuita mwenyekiti wa mtaa. Hawa alikuwa ameziba uso. Nikatoka naye kwa mlango wa uani, nashika ukuta, marando kwapani, tumefika barabarani ndipo nikasikia malapa yanakuja mbio nyuma yetu. Mwanaidi, kanga ya msiba kiunoni, macho mekundu, kifuniko cha sufuria mkononi. Akasimama katikati ya njia. Alinitazama juu mpaka chini, na akakipiga kile kifuniko mara moja, na sauti iliyomtoka haikuwa yake, ilikuwa ya mama yake, ile ya tangu mnyaani.

"Mnyamwezi! Beba mzigo!"

Nikautoa mzigo kwapani, nikajitwika kichwani.